Mguu Uumao kwa Kutembea Hutibiwa kwa Kutembea

Wakulima wengi wa skimu zetu sasa ni wazee. Wale waliopewa mashamba katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, hata kama walikuwa vijana wa miaka 25 wakati ule, leo wanakaribia miaka 90. Watoto wao waliowarithi mashambani nao wana mvi kichwani. Kwa hiyo mwezi huu hatusemi habari za mbolea wala za kupe. Twataka kusema nawe habari za mguu wako mwenyewe, maana shamba lisilotembelewa na mwenyewe haliendi.

Tuseme yuko mzee mmoja anayekaa Munyaka, karibu na mji wa Eldoret, upande wa barabara iendayo Iten. Munyaka ni neno la Kikuyu, maana yake bahati. Mzee huyu ana ng'ombe wawili wa maziwa, na kila asubuhi huchukua mkebe wake wa maziwa kupeleka kwa mnunuzi. Zamani alikwenda bila kufikiri. Siku hizi, akifika nguzo ya nne ya stima kutoka langoni mwake, shavu la mguu wa kulia humbana kama limeshikwa na koleo. Husimama. Kwa kuwa hapendi watu wajue, hujifanya anatazama mahindi ya jirani. Baada ya dakika mbili au tatu maumivu yamekwisha kabisa, naye huendelea. Akihesabu nguzo nne nyingine, yale yale yanarudi.

Wajerumani huuita ugonjwa huu ugonjwa wa dirisha la duka, maana mgonjwa wa mjini husimama mbele ya kila duka akijifanya anatazama bidhaa. Kwetu sisi ni ugonjwa wa kutazama mahindi ya jirani.

Mzee wetu afanya nini? Afanya lile ambalo kila mtu angelifanya. Ajiambia, "Mguu unauma nikitembea, basi nisitembee." Mwezi wa kwanza maziwa yanapelekwa na mjukuu. Mwezi wa pili yeye mwenyewe akienda sokoni hupanda bodaboda. Baada ya mwaka, hawezi kuzifikia hata zile nguzo nne, maana mguu usiotumiwa umekonda na umezidi kudhoofika. Kisha huuza ng'ombe mmoja, kwa sababu hakuna wa kumfuata malishoni. Hivyo ndivyo mkulima anavyopoteza shamba lake polepole akiwa amekaa kitini, na watu husema, "Ni uzee." Sivyo. Ni ugonjwa wenye jina, na una dawa, na sehemu kubwa ya dawa hiyo haiuzwi dukani.

MAUMIVU HAYA YATOKA WAPI

Damu hutoka moyoni kwa mishipa mikubwa inayoteremka tumboni, ikagawanyika pajani, ikashuka gotini hadi vidoleni. Mishipa hiyo huitwa ateri. Mtu akiwa kijana, ndani yake ni laini na pana. Miaka ikipita, hasa kwa mvutaji sigara, kwa mwenye ugonjwa wa sukari, kwa mwenye presha na kwa mwenye mafuta mengi katika damu, uchafu wa mafuta na chokaa hujishika kwenye kuta za mishipa, na njia ya damu hupungua.

Waliotembea kule bonde la Kerio wameiona mifereji ya Wamarakwet, iliyochimbwa tangu zamani sana, ikiteremsha maji kutoka milimani hadi mashambani chini. Mfereji mmoja ukijaa udongo nusu, maji bado yapita. Yatosha kunywesha mbuzi. Lakini siku shamba zima linapotaka maji kwa pamoja, yale yapitayo hayatoshi, na mtama wa mwisho wa mfereji hunyauka. Mguu wako ni vivyo hivyo. Ukiwa umekaa, msuli unataka damu kidogo, na hiyo kidogo yafika. Ukitembea, msuli unataka damu mara nyingi zaidi, wala haifiki ya kutosha. Msuli wenye njaa hulia, na kilio chake ndiyo maumivu yale. Ukisimama, njaa yapungua, maumivu yaondoka.

Ajabu ni kwamba ugonjwa huu ulielezwa kwa mnyama kabla haujaelezwa kwa mtu, jambo litakalompendeza kila mfugaji. Mwaka 1831 daktari wa mifugo wa Ufaransa, jina lake Bouley, aliandika habari za farasi aliyekuwa akienda kidogo kisha huchechemea mguu wa nyuma, na akipumzishwa huwa mzima tena. Mshipa mkubwa wa mguu ulikuwa umeziba. Mwaka 1858 Mfaransa mwenzake, daktari Charcot, akaeleza hali hiyo hiyo kwa binadamu. Mpaka leo jina la kidaktari la maumivu haya latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuchechemea.

USICHANGANYE MAUMIVU HAYA NA MENGINE

Si kila mguu uumao una ugonjwa huu. Mkulima aliyeinama siku nzima akipalilia ana sababu nyingi za kuumwa. Basi jipime hivi. Maumivu ya mishipa ya damu huja ukitembea, karibu umbali ule ule kila mara, huja upesi zaidi ukipanda mlima au ukibeba mzigo, na huondoka kwa dakika chache ukisimama tu, hata bila kukaa. Hukaa katika nyama, mara nyingi shavu la mguu, pengine paja au tako.

Goti bovu huuma katika kiungo, huuma zaidi ukiinuka kitini, wala haliponi kwa dakika mbili. Mgongo wenye mishipa ya fahamu iliyobanwa huweza kuuma mpaka miguuni ukitembea, lakini huyo hapati nafuu kwa kusimama. Sharti akae au ainame mbele, na ndiyo sababu huweza kuendesha baiskeli maili nyingi bila taabu. Mishipa ya juu iliyovimba na kujikunja kama nyoka, ile ya rangi ya samawati, ni mishipa irudishayo damu moyoni, na habari yake ni nyingine. Na mguu mmoja ukivimba ghafula, ukawa wa moto na wenye kuuma, hasa baada ya kulala kitandani siku nyingi, huenda damu imeganda ndani. Huo usiuchue wala usiufanyie zoezi lolote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla hujaanza kutembea kwa ajili ya dawa, yakupasa uonwe na daktari au afisa wa kliniki. Kazi yake si ngumu. Atatafuta mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Akiwa na chombo, atapima presha ya mkononi, kisha ya kifundo cha mguu, na kugawanya ya chini kwa ya juu. Katika mtu mzima, presha ya kifundo hulingana na ya mkono au huizidi kidogo. Ikiwa mkono una 140 na kifundo kina 84, hesabu ni 0.60, na hesabu yoyote iliyo chini ya 0.90 yaonyesha kwamba njia ya damu imepungua. Watu wa Eldoret na jirani zake wanayo Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, iliyoanza kama hospitali ndogo mwaka 1917. Lakini anza na kituo kilicho karibu nawe, nao watakupeleka mbele ikiwa lazima. Hata wahudumu wa afya ya jamii wapitao nyumba kwa nyumba walipewa na serikali, tangu mwaka 2023, mikoba yenye vyombo vya kupima presha na sukari. Mwambie anayekuja kwako akupime. Usimpe chai tu na kumwacha aende.

Kuna sababu nyingine ya kuonwa, nayo ni kubwa kuliko mguu wenyewe. Mtu ambaye mishipa yake ya mguu imejaa uchafu, mara nyingi ile ya moyo na ya kichwa imejaa vilevile. Wengi wa wagonjwa hawa hawapotezi mguu kamwe. Wanaopatwa na shtuko la moyo au kiharusi ndio wengi zaidi. Mguu umekuwa kama mbwa wa nyumbani, umebweka kabla mwizi hajaingia. Daktari akikupa vidonge vya kupunguza mafuta katika damu, vya kuzuia damu isigande, vya presha au vya sukari, vimeze kila siku, hata mguu ukipata nafuu.

JINSI YA KUTEMBEA

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe, ambalo wengi hawaliamini wakilisikia mara ya kwanza. Dawa ya maumivu haya ni kuyafuata. Utembee mpaka yaje, uendelee kidogo nayo, usimame mpaka yaishe, kisha utembee tena.

Chagua njia iliyo sawa, isiyo na mawe wala mteremko mkali. Katika nyanda za Uasin Gishu hilo si taabu; wenzetu wa ukingo wa bonde wana kazi zaidi. Vaa viatu vinavyokutosha. Shika mwendo wa mtu aliyechelewa kanisani, si mwendo wa matanga. Mwendo huo uwe wa kuleta maumivu baada ya dakika tatu au tano hivi. Yakianza, usisimame mara moja. Endelea mpaka yawe makali ya kadiri, pale ambapo ungependa sana kusimama lakini bado waweza kusema na mwenzako. Hapo simama, au kaa juu ya jiwe. Ngoja mpaka yaishe yote. Usiondoke yakiwa nusu. Kisha anza tena.

Fanya hivyo kwa nusu saa, pamoja na zile dakika za kupumzika. Juma likipita, ongeza dakika tano, na uendelee kuongeza hivyo mpaka ufikie saa nzima. Yafaa siku tatu za juma kuwa ndiyo kiasi cha chini. Mwenye kuweza siku tano, na afanye tano. Ukiona kwamba sasa waenda dakika kumi bila maumivu, ongeza mwendo au chagua njia yenye kupanda kidogo, maana mwendo usioleta maumivu umekwisha kazi yake.

Usitazamie faida kwa juma moja. Mahindi ya huku kwetu juu, mita 2,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hukaa shambani miezi sita au zaidi, wala hakuna mkulima anayeyang'oa mwezi wa pili kwa sababu hajaona gunzi. Zoezi hili lataka majuma 12 angalau kabla hujalihukumu, na wengi huendelea kupata nafuu hata mwezi wa sita.

Utauliza, "Je, kuyafuata maumivu hakutauharibu mguu?" Swali zuri, na madaktari nao waliuliza. Maumivu haya ya msuli wenye njaa, yanayokwisha ukisimama, hayavunji kitu. Ndiyo yanayouamrisha mguu ubadilike. Msuli hujifunza kutumia vizuri zaidi damu ile ile ndogo unayoipata. Kuta za mishipa hujifunza kulegea na kupanuka zaidi. Vijia vidogo vya kando huweza kukua na kuzunguka pale palipoziba. Na mtu mwenyewe hutembea kwa nguvu chache zaidi. Mshipa mkubwa ulioziba hauzibuki kwa kutembea, tusidanganyane. Lakini shamba lililo chini ya mfereji limejifunza kuzaa kwa maji machache.

Na hili si neno la kubahatisha. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Denmark, Larsen na Lassen, waligawanya wagonjwa wachache mafungu mawili. Fungu moja liliambiwa litembee kila siku. Fungu la pili likapewa vidonge visivyokuwa na dawa ndani yake. Baada ya miezi sita wale waliotembea waliweza kwenda kwa muda mrefu zaidi sana kuliko mwanzo, na wale wa vidonge walikuwa pale pale walipoachwa. Tangu hapo jambo hili limejaribiwa mara nyingi katika nchi mbalimbali. Mwaka 2017 majaribio mengi yalipokusanywa na kuhesabiwa pamoja, ilionekana kwamba zoezi huongeza kwa wastani mita 80 hivi za kutembea bila maumivu, na mita 120 hivi kabla mtu hajalazimika kusimama. Labda wewe wasema mita 120 si kitu. Mwulize mzee wetu wa Munyaka, ambaye mnunuzi wa maziwa yuko nguzo chache tu mbele ya pale aliposhindwa.

Wengine hutaka njia nyepesi: watembee, lakini polepole, wasiumie. Hilo nalo lilijaribiwa. Mwaka 2021 huko Marekani walitangaza habari za wagonjwa waliotembea peke yao nyumbani kwa miezi 12. Waliotembea kwa mwendo wa kuleta maumivu walipata faida. Waliotembea taratibu bila maumivu hawakuwashinda wale ambao hawakupewa zoezi lolote. Ikiwa wewe huwezi kabisa kuvumilia, mwambie daktari, yako mazoezi mengine kama ya baiskeli na ya mikono. Lakini usijipunguzie wewe mwenyewe kisha ukasema dawa haifai.

Vijana wa Iten, kilometa 35 hivi kutoka Eldoret, hawatashangaa hata kidogo. Kila msomaji wa upande huu amewaona barabarani alfajiri: hukimbia kwa nguvu mpaka pumzi inakatika, hupunguza, kisha hukimbia tena kwa nguvu. Tangu Kipchoge Keino alipoleta dhahabu ya mita 1,500 kutoka Mexico mwaka 1968, dunia nzima imekuja kutazama jinsi miguu ya huku inavyofundishwa. Mzee wa miaka 70 anayetembea nguzo nne, akasimama, akatembea nguzo nne tena, afanya zoezi la namna ile ile, kwa kipimo chake. Na asione haya akisimama.

"LAKINI MIMI NAFANYA KAZI SHAMBANI KUTWA"

Neno hili twalisikia kila mara, na ni kweli kwamba mkulima hakai ofisini. Lakini tazama kazi yenyewe. Ukipalilia, wasogea hatua mbili na kusimama. Ukikamua, umekaa. Ukichunga, wategemea fimbo. Mkulima huweza kuchoka mpaka jioni bila kutembea hata dakika kumi mfululizo kwa mwendo wa haraka. Tena mtu mwenye mguu huu hujifunza bila kujua kuyakwepa maumivu: husimama kidogo kabla hayajaja. Mwili wake umechoka, lakini mguu haukufundishwa kitu. Kwa hiyo saa ya kutembea sharti iwe mbali na kazi, nayo iwe na wakati wake, kama saa ya kukamua.

Wakati gani? Baada ya maziwa ya asubuhi ni wakati mzuri, umande umekauka na ubaridi umepungua. Katika miezi ya mvua nyingi, saa za asubuhi zafaa zaidi, maana alasiri huku kwetu ni ya mvua, na njia ya matope ni hatari kwa mzee. Siku ya mvua ya kutwa, tembea ndani ya ghala au kuzunguka barazani. Watoto watacheka siku ya kwanza.

NANI ASITEMBEE

Yupo mtu ambaye maneno yetu yote ya juu si yake. Ukiumwa na wayo au vidole usiku ukiwa umelala, ukapata nafuu kwa kuuning'iniza mguu kando ya kitanda. Ukiwa na kidonda mguuni ambacho hakiponi kwa majuma mawili. Kidole kikiwa cheusi. Usingoje wala usianze zoezi. Damu imepungua hata kwa mguu uliokaa. Nenda hospitali juma hilo hilo, yako matengenezo ya kuipanua mishipa au kuipitisha damu kando, na mguu mwingi umeokolewa hivyo.

Na mguu ukigeuka ghafula kuwa baridi, mweupe, wenye ganzi na maumivu makali, hapo huhesabu siku bali saa. Mguu usiopata damu kabisa waweza kufa katika saa sita. Usitafute mafuta ya kuchua. Tafuta gari.

Kadhalika, ukitembea ukasikia kifua kubana, au pumzi kukatika kupita kiasi, au kizunguzungu, simama na usiendelee siku hiyo, ukamweleze daktari. Mtu aliyekwisha kuugua moyo na aulize kwanza ni kiasi gani cha kutembea kinachomfaa.

SIGARA, NA VIATU

Tungeweza kuandika kurasa nne juu ya tumbako, lakini maneno machache yatosha. Mvutaji sigara anayetembea bila kuacha kuvuta ni kama mtu anayezibua mfereji kwa mkono wa kulia na kuumwagia udongo kwa mkono wa kushoto. Katika mambo yote yauharibuyo mguu huu, sigara na ugonjwa wa sukari ndiyo makubwa. Tumemsikia mzee akisema ameacha sigara na kuingia ugoro. Ugoro nao una nikotini, ambayo huibana mishipa. Acha vyote viwili. Zahanati itakusaidia ukiwaambia kweli ni ngapi wavuta kwa siku.

Viatu ni jambo ambalo twaomba ulisome mara mbili, hasa wewe mwenye ugonjwa wa sukari. Mguu wenye damu chache haupoi jeraha upesi. Mtu wa sukari huweza kuwa na ganzi miguuni, akakanyaga msumari na asijue mpaka jioni. Viatu vya mpira, yaani gambuti, ni vizuri kwa zizi na matope, lakini si vya kutembelea saa nzima. Hukwaruza, na jasho la ndani hulainisha ngozi. Tembea kwa raba au viatu vya ngozi laini na soksi kavu. Kabla ya kuvaa, kung'uta kiatu na kupapasa ndani kwa mkono. Kila jioni tazama nyayo zako na katikati ya vidole, au mwombe mama wa nyumbani au mjukuu akutazamie, maana macho ya wazee hayafiki huko chini. Kucha kata kwa kunyoosha, usichimbe pembeni. Usitoe sugu kwa wembe. Usiotee miguu motoni wala usiitie katika maji ya moto ukidhani unaipasha damu. Ngozi yenye ganzi huungua bila kupiga kelele, na kidonda cha namna hiyo kimewakatisha watu miguu.

Kuchua kwa mafuta kwaweza kumpendeza mtu, lakini hakufungui mshipa. Vivyo hivyo bangili na soksi za ajabu zinazouzwa sokoni. Soksi za kubana zaidi ya hayo zaweza kudhuru, kwa sababu huipunguza damu iliyo chache tayari. Usizivae ila kwa amri ya daktari.

ANDIKA

Wakulima wa maziwa wamezoea daftari: ng'ombe huyu asubuhi lita ngapi, jioni lita ngapi. Basi chukua ukurasa mmoja wa nyuma wa daftari hilo hilo. Siku ya kwanza, tembea kutoka langoni na uhesabu nguzo za stima, au za seng'enge, mpaka maumivu yaanze. Andika hesabu hiyo. Endelea uhesabu mpaka pale ulipolazimika kusimama. Andika hiyo nayo. Halafu kila siku ya zoezi andika tarehe, dakika ulizotembea, na ulisimama mara ngapi. Usihesabu nguzo kila siku, utakata tamaa, maana siku moja huwa njema na nyingine mbaya. Zihesabu tena mwisho wa kila mwezi, njia ile ile, saa ile ile, bila mzigo mkononi.

Ukimaliza miezi mitatu, chukua ukurasa huo uende nao hospitali. Daktari asomaye kwamba nguzo 4 zimekuwa 7 atajua la kufanya kuliko akisikia neno "afadhali". Na ikiwa ni nne bado, au zimekuwa tatu, ingawa ulitembea kama tulivyosema, mwonyeshe vilevile, maana hapo ndipo atakapofikiri kuipiga picha mishipa yako na kuona kama yafaa kutengenezwa. Ukipata nafuu usiache. Mguu uliofundishwa kwa miezi sita husahau upesi ukirudishwa kitini, na utaanza tena kwenye nguzo ya nne.